Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: mafuta ya muhogo yaanzie Kigoma, na yaanze kwa kanuni

Kwa: Mheshimiwa Waziri wa Nishati
Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, Mkurugenzi Mkuu, EWURA, Mkurugenzi Mkuu, TBS, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma

YAH: KUCHANGANYA ETHANOLI YA MUHOGO KWENYE PETROLI MKOANI KIGOMA

Mheshimiwa Waziri, shikamoo.

Mimi ni fundi pikipiki. Gereji yangu iko Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapochepuka, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na saba sasa. Hakuna chama wala kampuni iliyonituma. Naandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe linagusa nishati, kilimo, viwango na ziwa letu kwa mara moja, na ningependa wote wanaohusika walisome siku moja.

Mwaka 2022, petroli ilipokuwa ikipanda mwezi hata mwezi baada ya vita vya Ukraine kuanza, kijana mmoja wa bodaboda aliniletea pikipiki iliyozimika njiani akitokea Kalinzi. Alikuwa ameisukuma mwendo mrefu, jasho linamtiririka. Nikafungua kabureta, nikamwaga mafuta kwenye chupa ya maji inayoonekana ndani, nikaisimamisha juani. Haikuchukua muda chupa ikagawanyika. Juu petroli, chini kimiminika cheupe kama maji, katikati mstari ulionyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Nikanusa, nikajua. Ilikuwa gongo.

Nilipombana akasema kweli. Wenzake walimwambia ukitia gongo kidogo kwenye petroli, chombo kinakwenda na hela inabaki mfukoni. Alikuwa na mkopo wa pikipiki na hesabu ya kila siku ya kumpelekea tajiri. Sikumcheka, Mheshimiwa, kwa sababu wazo lake lilikuwa sahihi kwa zaidi ya nusu. Gongo na ethanoli inayoendesha magari Brazil ni ndugu wa tumbo moja. Zote zinatokana na sukari iliyochachushwa kwa hamira, kisha ikapikwa, mvuke wake ukapoozwa na kudondoka upya. Kinachozitenga ni maji. Mapipa ya kienyeji hutoa pombe iliyojaa maji. Hata mtambo mkubwa wa kisasa, ukikeneka tu, yaani kuchemsha na kupooza mvuke, hauvuki asilimia 96 hivi ya ethanoli, maana hapo maji na ethanoli hushikana yakapanda pamoja kama mvuke mmoja. Ili ethanoli ikubali kukaa ndani ya petroli, maji hayo ya mwisho lazima yanyonywe kwa chembe za madini zenye vitundu vidogo mno, vinavyokamata maji na kuiacha ethanoli ipite, mpaka ifike asilimia 99 na ushei. Hiyo ndiyo hatua aliyoikosa yule kijana. Bila hatua hiyo mchanganyiko unajitenga, maji na pombe vinazama chini ya tangi, na chini ya tangi ndiko mpira wa mafuta unakonyonyea.

Nimeibeba chupa ile kichwani tangu siku hiyo. Kijana wa Kigoma alitafuta mafuta yake kwenye mazao ya kwao, na hakuna mtu aliyekuwa amemwekea njia salama ya kuyapata.

Petroli yote tunayochoma huku imevuka bahari. Inashushwa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara kwa utaratibu wa uagizaji wa pamoja, kisha inaanza safari ya kuikata nchi nzima. Kwa reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ni zaidi ya kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo, mimi na wateja wangu hatuangalii bei ya Dar es Salaam. Tunashuka kwenye jedwali la miji tukitafuta Kigoma, Kasulu, Kibondo na Kakonko, na tunajua tutajikuta kwenye kundi la bei za juu. Hiyo ni bei ya kwenye sheli. Ukiingia vijiji vya ndani vya Uvinza, petroli inauzwa kwenye chupa mbele ya duka, na hapo bei kikomo haipo tena. Abiria mgonjwa anayepelekwa zahanati kwa bodaboda analipa safari yote hiyo ya kilometa elfu na ushei, hata kama yeye anakwenda kilometa kumi tu.

Serikali ilijitahidi. Juni 2022 ilitolewa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kupunguza makali, na nafuu tuliiona. Lakini ruzuku ni maji ya kumwagia moto, yakiisha yameisha. Wenzetu wa Dar es Salaam wamepata mlango wa pili: bomba la gesi kutoka Mtwara lilikamilika mwaka 2015, na leo bajaji na teksi kule zinatembelea gesi asilia inayotoka ardhini mwetu. Nawafurahia kwa moyo mweupe. Ila bomba hilo linaishia pwani, na sisi wa mwisho wa reli tumebaki na mlango ule ule mmoja.

Hapa ndipo muhogo unapoingia, na hapa naomba uniruhusu nimzungumzie mama yangu.

Mama analima muhogo Kasulu. Sehemu kubwa ya shamba lake ni muhogo mchungu, ule usiochimbwa na nguruwe pori kirahisi, ambao lazima uvundikwe na kuanikwa mpaka sumu yake ya sianidi iishe ndipo uwe udaga wa kusaga ugali. Miaka ya nyuma alikuja mnunuzi mmoja kijijini akawaambia walime kwa wingi, kiwanda kinakuja. Walilima. Mama aliongeza ekari mbili na kuajiri vibarua. Yule mnunuzi hakuonekana tena. Muhogo una uvumilivu wa kukaa ardhini, lakini uvumilivu huo una mwisho. Ukikaa mno unakuwa nyuzi, mgumu kama kuni. Na ukiung'oa bila mnunuzi, ndani ya siku mbili tatu unaanza michirizi ya bluu na kuoza. Mwaka ule mama alianika makopa, vile vipande vya muhogo vya kukaushwa, mpaka akakosa mahali pa kuanikia, akauza kwa bei aliyoitaka mchuuzi. Hakulalamika mbele yetu. Mwaka uliofuata alipanda nusu.

Kwa kiwanda cha ethanoli, uchungu wa muhogo si kikwazo kikubwa. Kinachohesabiwa ni wanga. Wanga wa muhogo huvunjwavunjwa kwanza kwa vimeng'enya uwe sukari, kisha hamira hufanya kazi yake. Tani moja ya muhogo mbichi wenye wanga mzuri hutoa takriban lita 150 hadi 180 za ethanoli, yaani kama kilo sita kwa lita moja. Makopa makavu hutoa zaidi ya mara mbili ya hapo kwa tani, kwa sababu maji yameshaondoka, na hukaa ghalani miezi. Kwa hiyo kiwanda kinaweza kula muhogo mbichi msimu wa kuvuna na makopa miezi mingine, bila kuzima.

Nimekaa na kalamu usiku mwingi. Tuchukue mtambo mdogo wa lita 3,000 kwa siku. Unahitaji tani 18 za muhogo mbichi, mzigo wa Fuso mbili au tatu. Lita hizo 3,000, zikichanganywa asilimia 10 kwa 90, zinatosheleza lita 30,000 za mafuta, karibu na tangi zima la lori moja kubwa. Kwa siku 300 za kazi ni tani 5,400 za muhogo. Hata kwa mavuno ya kawaida ya tani 8 kwa hekta, hizo ni hekta 675, ambazo zikigawanywa kwa kaya zenye nusu hekta kila moja ni kaya 1,350. Hakuna mtu anayehitaji kuhamishwa kijijini kwa ajili ya mtambo wa namna hii.

Sasa bei, maana hapo ndipo miradi mingi hufa. Lita moja ya ethanoli ina nguvu kama theluthi mbili ya lita ya petroli. Mtu asiwadanganye wananchi kwamba ni sawa kwa sawa. Ukichanganya asilimia 10, chombo kitapoteza kama asilimia 3 ya mwendo kwa kila lita. Dereva mwangalifu atahisi kidogo sana, lakini ni haki yake kuambiwa. Tuseme petroli Kigoma ni shilingi 3,000. Kwa nguvu peke yake, ethanoli haistahili kuuzwa zaidi ya 2,000 kwa lita. Kiwanda kikimlipa mkulima shilingi 150 kwa kilo, shilingi 900 zimeshaingia kwenye kila lita kabla ya vimeng'enya, umeme, mvuke, mishahara na faida. Inawezekana, lakini ni njia nyembamba. Ukiibebesha ethanoli kodi na tozo zote za petroli kuanzia siku ya kwanza, inafungwa kabisa. Ukitafuta nafuu kwa kumkandamiza mkulima alipwe 60 au 70, muhogo hautaletwa, na mama yangu atakuwa amedanganywa mara ya pili. Naomba wizara yako na ile ya fedha zikae zipige hesabu hii hadharani, kwa bei halisi za Kigoma.

Wengine wametutangulia, na wametuachia mafunzo mazuri na mabaya. Brazil ilianza mpango wake Novemba 1975 baada ya mafuta kupanda duniani, kwa ethanoli ya miwa. Kuanzia 2003 kukawa na magari yanayokubali petroli, ethanoli, au mchanganyiko wowote wa hizo mbili, na Agosti 2025 kiwango cha lazima cha ethanoli kwenye petroli yao kilipandishwa kutoka asilimia 27 hadi 30. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 bei ya sukari ilipopanda, wenye viwanda waliipeleka miwa kwenye sukari, ethanoli ikaadimika kwenye vituo, na waliokuwa na magari ya ethanoli tupu wakakwama. Iliwachukua miaka mingi kurudisha imani. Thailand inachanganya ethanoli ya molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ikitengenezwa, na ya muhogo, muhogo huu huu wetu.

Jirani aliye karibu zaidi na hali yetu ni Malawi. Haina bahari, mafuta yake husafiri mbali, na tangu 1982 inachanganya ethanoli inayotengenezwa Dwangwa, kando ya ziwa, kwa molasi ya kiwanda cha sukari. Kiwango chake hupanda na kushuka kufuatana na molasi iliyopo, na magari yanatembea. Nikiitazama ramani naona nchi iliyojitengenezea sehemu ya mafuta yake kwa sababu ilikuwa mbali na bandari, na Kigoma tuko mbali na bandari hivyo hivyo. Zimbabwe nayo ilijenga mtambo mkubwa Chisumbanje, ukaanza 2011, lakini huko wanakijiji walilia kwamba mashamba yao yamemezwa na miwa.

Kilio hicho hata sisi tunakifahamu. Miaka ile ya mbono kaburi, mmea wa mbegu za mafuta, tuliambiwa jangwa litageuka dizeli. Kisarawe, vijiji 11 viliachia zaidi ya hekta 8,000 kwa kampuni ya kutoka Uingereza, na ilipofika 2011 mradi ukaanguka, vibarua wakabaki bila kazi na wazee wakiuliza ardhi yao inarudi lini. Bagamoyo ulikuwepo mpango mkubwa wa miwa ya ethanoli kutoka Sweden, nao haukufika popote. Ndiyo maana ombi langu la kwanza, na ndilo zito kuliko yote, ni kwamba mtambo wa Kigoma usipewe ardhi ya kulima hata ekari moja. Upewe kiwanja cha kujenga tu. Muhogo ununuliwe kwa wakulima kwa mkataba, kupitia vyama vyao vya ushirika, bei ya chini ikitangazwa kabla ya kupanda. Mwenye mtambo akijua hana shamba lake, atalazimika kumheshimu mwenye shamba.

Najua swali litakaloulizwa bungeni: mnataka kuchoma chakula? Ni swali la haki, na mimi mwenyewe nimekula ugali wa muhogo utoto wangu wote. Ndiyo sababu nasema tusiguse mahindi, na mawese yetu tusiyageuze dizeli wakati nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje. Kwa muhogo, tatizo la Kigoma limekuwa soko na magonjwa. Batobato na michirizi ya kahawia vinakula mashamba, na mkulima hanunui pingili safi kwa sababu haoni faida itakayorudisha gharama. Akiwa na mnunuzi wa uhakika atapanda mbegu iliyothibitishwa na TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, na mavuno yakipanda kutoka tani 8 kwenda 16 kwa hekta, chakula na mafuta havitagombana. Hata hivyo iwekwe kanuni ya wazi: mwaka wa njaa, bei ya udaga sokoni ikivuka kiwango fulani, mtambo usimame au uletewe molasi kwa treni. Kanuni hiyo iandikwe mapema, kabla mwenye mtambo hajawa na nguvu ya kuipinga.

Neno jingine ambalo hatuwezi kulikwepa ni kuchakachua. Watu wote tunakumbuka miaka ya 2010 na 2011, mafuta ya taa yakitiwa kwenye dizeli na petroli, injini zikifa, mpaka serikali ikaweka vinasaba, yaani kemikali za kuyatambua mafuta halali, kwenye mafuta na kupandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wakose faida. Nilifungua injini nyingi siku zile. Pistoni zilikuwa nyeusi kama chungu cha maharage. Sasa mwananchi huyo huyo akisikia kwamba serikali inachanganya kitu kwenye petroli, atasema nini? Lazima pampu iandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba mafuta haya yana ethanoli asilimia 10. Uchanganyaji ufanyike ghalani mbele ya mkaguzi, usiachiwe mwenye sheli. TBS, shirika la viwango, iwe na kiwango cha ethanoli ya mafuta, hasa kiasi cha maji, na EWURA ipime maji kwenye matangi ya vituo kama inavyopima vinasaba. Sheli zetu nyingi zina matangi ya zamani chini ya ardhi, na masika ya Kigoma si mchezo. Petroli tupu huvumilia maji kidogo chini ya tangi, maana hayachanganyiki nayo na pampu inayapita juu. Petroli yenye ethanoli huyanywa maji hayo mpaka ishibe, halafu inajitenga ghafla, na gari zote zilizojaza asubuhi hiyo zinazimika barabarani.

Upande wa vyombo, niseme ninachokijua kwa mikono yangu na kwa kusoma. Magari mengi ya petroli yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 yanavumilia asilimia 10. Uingereza ilipofanya mchanganyiko huo kuwa wa kawaida Septemba 2021, iliacha petroli ya asilimia 5 kwenye daraja la juu kwa ajili ya magari ya zamani, nasi tunaweza kuacha pampu moja ya petroli tupu kila mji. Kwa pikipiki za kabureta, ethanoli inakuja na oksijeni yake, hivyo mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa mwepesi kidogo na injini inapata joto; asilimia 10 hurekebishwa kwa skrubu, asilimia 20 itataka jeti kubwa zaidi. Mipira ya mafuta ya bei rahisi itavimba na kupasuka mapema. Wiki za mwanzo ethanoli itang'oa uchafu wote uliogandamana kwenye matangi kwa miaka, na kabureta zitaziba. Vijana watarudi kwangu wakiyalaumu mafuta mapya. Tufundisheni mafundi kabla ya siku ya kwanza. Semina ya siku mbili pale chuo cha ufundi cha VETA ingetosha.

Ila kuna chombo kimoja ambacho naomba kisiguswe kabisa kwanza, nacho ni mashine za boti. Kibirizi na Katonga, mitumbwi ya dagaa inatoka jioni na kurudi alfajiri. Matangi yao yako wazi kwa unyevu wa ziwa usiku kucha, yanatikiswa na mawimbi, na mafuta hukaa humo hata boti isipotoka, siku za mbalamwezi. Ni mazingira mabaya kuliko yote kwa ethanoli. Pikipiki ikizimika Kalinzi, kijana anaisukuma. Mashine ikizimika katikati ya Ziwa Tanganyika upepo ukiwa umeamka, nani ataisukuma? Vituo vinavyohudumia mialo vibaki na petroli tupu mpaka mashine hizo zipimwe hapa hapa, katika ziwa hili, kwa mwaka mzima.

Na ziwa lenyewe lina haki yake. Kila lita ya ethanoli huacha lita 10 hadi 15 za majitaka ya moto, machachu, yaliyojaa mabaki ya viumbe. Yakimwagwa mtoni hula oksijeni ya maji na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi. Mtambo mdogo wa lita 3,000 utatoa lita 30,000 au zaidi za uchafu huo kwa siku. Mto Malagarasi unapita kwenye ardhioevu iliyotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, tangu mwaka 2000, kisha unaingia ziwani. Luiche nao unaingia ziwani karibu na mji. Ziwa hili lina kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani, na maji yake hukaa muda mrefu mno kabla ya kubadilika. Tukilichafua, wajukuu wa wajukuu zetu watalikuta chafu. Majitaka hayo yanaweza kuwekwa kwenye matangi yaliyofunikwa yakatoa gesi ya kuchemshia mtambo, na yanayobaki yakapelekwa shambani kama mbolea. Kibali cha mazingira kisitolewe kwa ahadi. Kitolewe matangi hayo yakiwa yamejengwa na kuonekana kwa macho.

Hilo la gesi lina uzito wa pili. Kukeneka kunataka mvuke, na mvuke unataka moto. Mtambo ukichemshwa kwa kuni za miombo ya Uvinza na Kakonko, faida yote imepotea. Husemwa kwamba ethanoli ni mafuta yasiyokwisha na hayaongezi hewa ukaa, kwa kuwa moshi wake ni ile hewa ambayo mmea uliivuta ulipokuwa unakua. Ni kweli, mradi hujakata msitu ili upande muhogo wala hujachoma msitu ili uukeneke. Majirani zetu wa Tabora wanajua tumbaku imekula miti kiasi gani kwenye mabani ya kukaushia, Urambo na Kaliua. Tusianzishe tumbaku ya pili.

Mheshimiwa Waziri, ninachoomba si sheria ya nchi nzima. Ni jaribio la miaka mitatu katika mkoa mmoja: mtambo mmoja mdogo, uchanganyaji wa asilimia 5 mwaka wa kwanza na 10 baadaye, ethanoli isamehewe tozo kwa kipindi hicho, matokeo yatangazwe kila miezi sita yakiwa mazuri au mabaya. Kwa nini Kigoma? Kwa sababu kila lita ya ethanoli inayotengenezwa Kasulu ni kama theluthi mbili ya lita ya petroli ambayo haikupandishwa treni wala lori kutoka pwani. Ethanoli ya Kigoma ikipelekwa Dar es Salaam italipa nauli na kushindwa. Hapa hapa inapotengenezwa, umbali unaotuumiza unageuka kuwa ngao yake. Na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, unaweza kuichukua ethanoli itakayozidi kwa ajili ya majiko, ili mtambo usife kwa kukosa mteja mmoja.

Naomba pia jibu lenu lije kwa wakati wa shamba. Muhogo unakaa ardhini mwaka mzima na zaidi. Pingili hukatwa mwishoni mwa kiangazi na kupandwa mvua za kwanza zikishika, Novemba hivi. Jibu likija Januari, limekuja mwaka mzima nyuma. Mama yangu ameshaniuliza mara mbili kwenye simu kama apande zile ekari mbili alizoziacha. Nimemwambia asubiri kidogo, nimemwandikia Waziri.

Wako mtiifu,
Fundi pikipiki,
Mwandiga, Kigoma